Homa ya Siku ya Rakhi

Mvua za mwaka ule ziliingia jijini Indore siku ya Jumanne, saa saba mchana, bila kupiga hodi. Girish Vyas, fundi wa miwani, zilimkuta katikati ya soko la Rajwada akiwa na boksi la fremu arobaini kifuani. Akapanda ngazi ya kwanza aliyoiona, na ngazi hiyo ikamfikisha kwenye chumba cha gemu cha Dilawar.

Ndani kulikuwa na runinga sita, viti vya plastiki, na harufu ya soksi mbichi iliyochanganyika na kachori. Wanafunzi wa chuo, wauza nguo, hata karani mmoja wa posta, wote walikuwa wameizunguka runinga ya mwisho wakipiga kelele. Na katikati yao, kwenye kiti cha mchezaji, alikaa msichana. Alivaa kurta, kanzu fupi ya kijani kibichi, shali kaifunga kiunoni, bangili kazivua kazipanga mezani, na koti jeupe la maabara kalitundika nyuma ya kiti. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya padi ya kuchezea kama mtu anayechambua mchele. Kwenye kioo cha runinga, mpira wa kriketi ulikuwa unaruka nje ya uwanja kwa mara ya tatu mfululizo.

Sheria ya Dilawar ilikuwa moja: aliyeshinda habanduki, aliyeshindwa ananyanyuka.

"Nani tena?" msichana aliuliza bila kugeuka. "Mbona kimya? Au mnangoja mvua ikatike ndipo muwe wanaume?"

Hakuna aliyejitokeza. Msichana akageuka, akawakagua mmoja mmoja, macho yakatua kwa Girish anayechuruzika maji mlangoni.

"Wewe kaka mwenye miwani. Njoo ukaukie hapa."

Sasa, mwanamume wa Indore anaweza kukiri hajui kuogelea, hajui kupika, hata hajui baba yake alizaliwa lini. Kukiri kwamba hajui kriketi mbele za watu, hilo hapana. Girish akaweka boksi chini, akakaa. Mpira wa kwanza tu, vijiti vitatu nyuma ya mpigaji wake vikaruka, yaani ametoka. Watu wakacheka. Akaomba tena, akatoka tena kwa mpira wa kwanza. Mara ya tatu hata Dilawar mwenyewe, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, aliacha kuhesabu pesa zake aje kutazama.

"Kaka, umekuja kupiga mpira au kuua nzi?" msichana aliuliza.

"Padi yenu mbovu."

"Padi nzima. Wewe unabonyeza wakati mrushaji bado anakimbia. Mpira haujamtoka mkononi, wewe umeshapiga."

"Nikisubiri si utanipita?"

"Haupiti. Subiri uone." Akatazama saa, akaruka na kulivaa koti lake. "Kesho saa saba. Nina nusu saa ya chakula, nitakufundisha. Naona aibu kwa niaba yako."

Girish aliteremka akijisemea kwamba yeye ni mtu mzima mwenye kazi yake, hana shughuli na gemu. Kesho yake saa saba kasorobo alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

Msichana aliitwa Suhasini Tomar, na kazi yake ilikuwa kutoa watu damu kwenye maabara ya mtaa wa pili. Wiki ya kwanza alimkataza Girish vitufe vyote isipokuwa kimoja, kile cha kuzuia.

"Sasa pointi za mikimbio nitazipata wapi?"

"Nani kakuambia upate mikimbio? Zuia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kuona haya kuzuia."

Wiki ya pili alilizima lile duara dogo linaloonyesha mahali mpira utakapodunda. Girish akalalamika kwamba amepofushwa, naye fundi wa miwani. Suhasini akamwambia duara linamfanya atazame chini, na chini hakuna habari. Habari iko kwenye mkono wa mrushaji: vidole vikiwa juu ya mshono mpira utanyooka, kiwiko kikipinda utageuka. "Mimi nikimtoa mtu damu," alisema, "nikiuvamia mshipa kwa sindano, unakimbia. Nikiutuliza, unakuja wenyewe."

Wiki ya tatu alimfundisha jambo gumu kuliko yote, yaani kuacha mpira upite zake usipokuhusu. Na wiki ya nne, mpira ukaja mfupi, ukadunda mapema, kidogo nje ya vijiti, Girish akasubiri, akasubiri, akaugusa kidogo tu pembeni, ukateleza mpaka kwenye kamba ya mpaka. Mikimbio minne. Chumba kizima kikalipuka. Suhasini hakushangilia. Alimtazama tu, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na Girish akajua amekwisha. Alikuwa anampenda msichana huyu, tena si kidogo.

Kutoka hapo simu zikaanza, kila jioni baada ya kazi.

"Umekula, Bwana Miwani?"

"Nimekula, mwalimu."

"Umekula nini?"

"Pohe na jalebi."

"Jioni yote hii pohe, chakula cha asubuhi? Kwenu hakuna anayekuhurumia?"

"Nangoja atakayenihurumia."

"Mh! Umeanza. Kata simu ukafanye mazoezi."

"Kata wewe."

"Wewe kwanza."

Na hakuna aliyekata. Walizungumza mpaka chaji zikawalilia. "Kaka" ilikuwa imekwisha siku nyingi. Sasa alikuwa Miwani, na siku nyingine Miwani wangu. Girish alijua Suhasini ni mtoto wa pekee wa mama mjane, mwalimu mstaafu wa hesabu, hana kaka wala mdogo. Na jioni moja, katikati ya kicheko, alijua na jambo jingine.

"Shangazi yangu kanitafutia mchumba," Suhasini alisema. "Mhandisi wa Bhopal. Anakuja kuniona wiki moja baada ya sikukuu ya rakhi. Nitabeba sinia la chai, nitainamisha macho, nitakuwa mpole. Unanionaje?"

Girish alicheka kicheko kisicho na meno. Usiku ule hakuona usingizi.

Sikukuu ya rakhi mwaka ule iliangukia Jumapili, na kila mwaka siku hiyo Dilawar huandaa mashindano ya wawili wawili. Suhasini aliandika majina yao bila hata kumwuliza. Girish akaapa moyoni: mchezo ukiisha tu, washinde wasishinde, atafungua mdomo na kumwomba awe mke wake, kabla mhandisi hajafika na viatu vyake vya kung'aa.

Ijumaa alipitia maabara kuchukua majibu ya vipimo vya mama yake. Suhasini alikuwa anatafuta bahasha, na mkoba wake ulikuwa wazi juu ya meza. Ndani ya mkoba, kwenye kiboksi chenye kifuniko cha plastiki, Girish akauona uzi wa rakhi, mwekundu na wa dhahabu, umebandikwa gongo dogo la kriketi na mpira mdogo.

"Usichungulie mkoba wa mwanamke!" Suhasini akaufunga haraka, uso umemwiva. "Mambo ya Jumapili hayo."

Girish akachukua bahasha, akaondoka. Siku ya rakhi dada humfunga kaka yake uzi mkononi. Lakini msichana akimfunga uzi mwanamume asiye ndugu, basi kuanzia saa ile ni ndugu, na hakuna rufaa. Ndiyo maana siku hiyo vijana wenye mapenzi ya siri hupatwa na magonjwa ya ghafla jiji zima. Na Suhasini hana kaka. Uzi wenye gongo na mpira angemfunga nani, kama si mwanafunzi wake?

Jioni simu ikalia.

"Jumapili uvae lile shati la bluu. La mikono mifupi."

"Kwa nini mifupi?"

"Wewe vaa tu. Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Utaliona palepale, mbele za watu wote." Akacheka. "Na usichelewe, nimeshaahidi."

Mikono mifupi! Mbele za watu wote! Girish aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayeuaga.

Jumapili asubuhi alimwandikia ujumbe: Nina homa kali. Samahani. Kisha akaizima sauti ya simu na kuitia chini ya mto. Ilitetemeka mara kumi na moja. Dada yake wa tumbo moja, Nutan, alikuja na sinia lake, akamfunga uzi wa kijani, akamlisha kachori, kisha akakaa kitandani akimwangalia.

"Leo si una mashindano?"

"Naumwa."

"Unaumwa na kachori ya tatu hiyo?"

Simu ikatetemeka tena. Kabla Girish hajanyoosha mkono, Nutan alikuwa ameshaipokea.

"Haloo? Hapana, ni dada yake. Homa? Homa gani, mwenzangu? Huyu hapa anatafuna."

Sauti ya Suhasini, nyembamba na baridi, ikasikika mpaka kwa Girish: "Mwambie zamu yetu ni saa sita. Asipofika, Dilawar anafuta jina. Na mimi nafuta namba yake." Akakata.

Ilibidi aseme yote: uzi, mkoba, shati, mhandisi. Nutan alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika.

"Yaani msichana hajafanya kitu, wewe umeshakimbia? Hata akitaka kukufunga, mdomo huna? Si umwambie hutaki! Girish, kama ni kutoka, katoke uwanjani. Usitokee kitandani."

Hilo likamchoma. Alivaa shati la bluu, kwa kuwa lilikuwa ndilo lililopigwa pasi, akatoka mbio.

Aliingia kwa Dilawar saa sita kasoro dakika moja, jasho likimtoka, mikono yote miwili ameizamisha mifukoni. Chumba kilifurika mpaka kwenye ngazi. Mapacha wawili wa mtaa wa Malharganj walikuwa wamemaliza kwa mikimbio hamsini na nane, na Dilawar alikuwa ameshainua kalamu. Suhasini alikaa peke yake mbele ya runinga, amevaa sari ya zambarau ambayo Girish hakuwahi kuiona, nywele kazisuka, macho mekundu. Hakumtazama.

"Mgonjwa kafika," Dilawar akatangaza. "Kaa, shika padi."

"Siwezi kutoa mikono."

"Utapiga kwa pua?" watu wakaangua kicheko.

Dilawar akamsogezea padi, na hapo Girish akauona. Kwenye kifundo cha mkono wa Dilawar, katikati ya malaika meusi, umefungwa uzi mwekundu na wa dhahabu, wenye gongo dogo na mpira mdogo.

Mikono ikatoka mifukoni yenyewe. Girish akakaa. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka ardhi ipasuke.

Mchezo ulikuwa mipira thelathini. Mmoja anapiga, mwenzake yuko upande wa pili, na ili wapate mkimbio lazima wote wawili wabonyeze kwa pamoja. Mmoja akikawia, ametoka, na jozi ikimpoteza mmoja imekwisha. Ndiyo maana wapigaji huitana: njoo, kaa, rudi. Suhasini hakuita. Mpira wa kwanza aliusukuma pembeni kimya kimya, mchezaji wa Girish akakimbia peke yake, akarudi kwa tumbo, akaponea chupuchupu.

"Ukinyamaza tutatoka!" alinong'ona.

"Mgonjwa hasemeshwi. Anapumzishwa."

"Suhasini, nilikosea."

"Njoo!" Wakakimbia mmoja. "Uliniongopea. Kaa!"

"Niliuona ule uzi. Kwenye mkoba. Nikadhani... mbili, njoo, njoo! Nikadhani ni wangu."

Suhasini alisahau kutazama kioo. "Wako? Wewe nikufunge rakhi, wewe?"

"Ulisema huna kaka!"

"Wa kuzaliwa sina! Nilipoanza kucheza, kila chumba cha gemu mjini kilikuwa kinaniambia, dada, hapa si mahali pako. Nani aliniwekea kiti? Namfunga uzi kila mwaka, huu ni wa sita!"

"Kweli kabisa," Dilawar akasema, akiuinua mkono wake juu watu wauone.

"Na shati la mikono mifupi je?"

"Mikono mirefu inakugongea vitufe, bwege wee! Piga mpira!"

Girish akapiga. Sijui ni furaha au ni aibu, lakini siku ile mafunzo yote yalimkaa. Aliutazama mkono wa mrushaji, akauona mshono, akaacha mipira isiyomhusu ipite zake. Mmoja uliotaka kumvunja vidole vya miguu akauzima palepale. Mfupi ukaja, akausindikiza nje ya uwanja, sita. Suhasini naye akaanza kuita kwa sauti, na mapacha wa Malharganj wakaacha kutafuna karanga. Ikabaki mipira minne, wanatafuta mikimbio sita tu.

"Suhasini."

"Tazama mpira."

"Nautazama. Nisikilize hivyo hivyo. Niite mwanafunzi, niite mgonjwa, niite bwege. Kaka yako sitakuwa. Leo wala kesho."

"Basi utakuwa nani?"

Aliyeuliza hakuwa Suhasini. Alikuwa mama mmoja wa sari ya manjano aliyekalishwa kwenye kiti cha Dilawar mwenyewe, mkoba mapajani, miwani mizito puani. Tangu asubuhi alikuwa kimya kama msimamizi wa mtihani. Suhasini alishusha macho mbele ya mama yake, na Girish akaelewa kwa nini sari ya zambarau, kwa nini shati la bluu, na jambo gani lilikuwa limeahidiwa kuonyeshwa mbele za watu. Lilikuwa yeye mwenyewe.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo. Watu wakazomea. Akanyanyuka, akainama, akamgusa mama yule miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye homa?"

"Imepoa, mama."

"Nimekuuliza swali."

Safari hii hakukimbia. "Nataka kumwoa, mama. Kama mwenyewe anataka."

Watu wote wakamgeukia Suhasini.

"Suhasini?" mama akaita.

"Mama, imebaki mipira minne."

"Sijauliza mipira."

Suhasini aliizungusha padi mkononi, masikio yakimwaka. "Ningekuleta hapa kufanya nini, mama?" akasema taratibu. "Kriketi yenyewe huipendi."

Mama akamtazama binti yake. Kisha akamtazama Girish, kuanzia nywele zilizolowa jasho mpaka viatu alivyovaa bila soksi kwa haraka. Akafunga mkoba wake, kifungo kikalia.

"Mama yako yuko nyumbani saa hizi?"

"Yuko, mama."

"Basi malizeni hicho kitu chenu. Mimi nashuka kununua mithai. Kwa wakwe mtu haendi mikono mitupu."

Akashuka ngazi, na watu wakampisha kama wanavyompisha bibi harusi.

Dilawar akapiga filimbi, mchezo ukaendelea. Zamu ya kupiga ilikuwa ya Suhasini. Mrushaji akaja, akaachia mpira wa kitoto, mnyoofu, wa taratibu, ambao hata karani wa posta angeupiga. Suhasini Tomar, ambaye hakuna aliyewahi kumnyanyua kwenye kile kiti, aliutazama ukija, ukadunda, ukapita, ukang'oa vijiti vyote vitatu. Gongo lake halikutikisika.

Mapacha wa Malharganj wakarukiana vifuani. Suhasini akajifunika uso kwa ncha ya sari, mabega yakimtetemeka, na Girish akashtuka akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mpira rahisi vile, mpenzi!" Girish alisema. "Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nimemsikia mama akisema wakwe, vidole vikanikatalia."

"Tumeshindwa, unajua?"

"Najua. Nyamaza, acha nishindwe kwa raha zangu."

Kutoka barabarani, kupitia dirisha lililo wazi, sauti iliyozoea kunyamazisha madarasa ikapaa juu ya honi na kelele za wauza bangili:

"Girish! Mama yako anapenda ladu au jalebi?"

Girish akakimbilia dirishani, akatoa kichwa nje. Nusu ya soko la Rajwada ilikuwa imeinua uso kumtazama.

"Ladu, mama!"

"Kilo ngapi?"

Akageuka kumwuliza Suhasini. Naye alikuwa ameshafika, amejibana kando yake dirishani, na ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo hata wa mtaa wa pili waliisikia.

"Mbili, mama! Na nusu kilo ya Dilawar!"